Nani Aliyesema Huyu ni Chinchilla? Historia ya Kutambuliwa Rasmi kwa Aina Mpya za Sungura

Mwaka juzi mjomba wangu, ambaye anaishi nje kidogo ya mji wa Masaka, alinunua jozi ya sungura wachanga kwa shilingi 120,000. Muuzaji alimhakikishia kwamba walikuwa Chinchilla, "mbegu safi kabisa". Walikuwa wazuri kweli: manyoya ya kijivu yenye ncha nyeusi, tumbo jeupe na macho ya kahawia. Mjomba aliwalisha, akawatunza, na walipokomaa akampandisha jike. Walizaliwa watoto saba. Manyoya yalipoanza kuota, watano walikuwa wa kijivu kama wazazi wao, lakini wawili walikuwa weupe pepepe wenye macho mekundu. Majirani walicheka. Muuzaji alipopigiwa simu alisema labda dume la jirani lilipenya. Jambo hilo haliwezekani, kwa sababu kibanda cha mjomba hufungwa kwa kufuli na jirani mwenyewe hafugi sungura.

Niliporudi nyumbani likizoni, mjomba alinikalisha mbele ya kibanda akaniuliza, "Wewe si unasoma historia huko chuoni? Hebu niambie mwanangu, ni nani aliyesema huyu ni Chinchilla?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani ni swali la watu wa mifugo, si la mwanafunzi wa historia. Baada ya kusoma nimegundua kwamba mjomba aliuliza swali la kihistoria hasa, kwa kuwa aina ya sungura ni jambo lenye tarehe, lenye watu na lenye kumbukumbu za maandishi. Katika insha hii nitaeleza jinsi aina mpya za sungura zilivyopata kutambuliwa rasmi huko Ulaya na Marekani, mahali ambapo utaratibu huo ulizaliwa. Hoja yangu ni kwamba kutambuliwa ni makubaliano juu ya mambo matatu: maelezo ya maandishi, ushahidi kwamba mnyama huzaa wanaofanana naye, na kuwepo kwa watu walio tayari kuendelea kumfuga. Kanuni husisitiza mawili ya kwanza. Historia inaonyesha kwamba la tatu ndilo huamua kama jina litabaki.

Kwanza tutofautishe spishi na aina. Hapa Uganda tuna mnyama wa porini anayefanana na sungura, ambaye wanasayansi walimwelezea mwaka 1929 na ambaye leo wanamwita Poelagus marjorita. Watu wengi humwita kwa jina la Bunyoro. Mnyama huyu alikuwepo kabla ya kuandikwa, na angeendelea kuwepo hata kama asingeandikwa. Sungura wa kufugwa ni tofauti. Wote duniani, wawe wakubwa au wadogo, weupe au weusi, wametokana na spishi moja ya porini iliyoanzia Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo. Hata wale tunaowaita wa kienyeji, asili yao ya mbali ni huko. Kwa hiyo Chinchilla wa mjomba na sungura wa rangi mchanganyiko anayeuzwa sokoni ni spishi ile ile. Kinachowatenganisha ni kazi ya wafugaji na uamuzi wa watu waliokaa kikao. Wafugaji wakiacha kuchagua dume gani apande jike gani, baada ya vizazi kadhaa tofauti hiyo hupotea.

Aina nyingi zilianza na mtu mmoja mwenye wazo, au mwenye bahati na macho ya kuitambua bahati hiyo. Nitataja wanne.

Wa kwanza ni Eugénie Bernhard, mwanamke aliyeishi Hotot-en-Auge huko Normandy, Ufaransa. Mnamo mwaka 1902 alianza kutafuta sungura mweupe mwenye macho meusi. Alifanya uzalishaji wa mchanganyiko mara mamia kwa kutumia sungura wenye madoa, akiwachagua wale wenye doa dogo zaidi katika kila kizazi. Ilimchukua takriban miaka kumi kumpata sungura mweupe mwili mzima, aliyebaki na pete nyembamba nyeusi kuzunguka macho. Utambuzi rasmi nchini Ufaransa ulikuja mwaka 1922. Basi kutoka wazo hadi karatasi ni miaka ishirini. Aina hiyo huitwa Blanc de Hotot.

Wa pili ni M. J. Dybowski, Mfaransa pia, ambaye alionyesha sungura wa Chinchilla kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Jina lilitokana na mnyama mdogo wa milima ya Amerika ya Kusini mwenye manyoya ya thamani kubwa. Sungura huyu hana undugu wowote na mnyama huyo, ila rangi yake inafanana naye. Kwa hiyo hata siku ya kwanza jina la Chinchilla lilikuwa pia tangazo la biashara.

Wa tatu ni Padri Amédée Gillet wa kijiji cha Coulongé. Mwaka 1919, katika banda la mkulima wa hapo aitwaye Désiré Caillon, walizaliwa sungura wenye manyoya mafupi ajabu, laini kama mahameli. Mfugaji mwingine angewachinja kama vilema. Padri aliwachukua na kuwazalisha wao kwa wao. Mwaka 1924 sungura wake walionyeshwa Paris, na leo aina ya Rex inajulikana duniani kote. Wazazi wa sungura wale wa kwanza walikuwa na manyoya ya kawaida. Mabadiliko yalikuwa yamejificha katika damu yao, yakatokea pale wawili wenye siri moja walipokutana. Naomba msomaji akumbuke jambo hili, maana nitarudi Masaka.

Wa nne ni Adriaan de Cock wa Tilburg, Uholanzi. Alitaka sungura mdogo mwenye masikio yaliyolala. Mwaka 1949 alianza kwa kuchanganya sungura mkubwa wa masikio ya kulala na yule mdogo sana aitwaye Netherland Dwarf. Majaribio ya mwanzo hayakufaulu. Alipojaribu tena kwa jike mkubwa na dume mdogo, watoto walizaliwa, lakini wote wakawa na masikio yaliyosimama. Ilimbidi aingize aina ya tatu, kisha arudi nyuma na kuchagua upya kizazi baada ya kizazi huku akipunguza uzito. Baraza la Uholanzi lilikubali aina yake mwaka 1964, miaka kumi na mitano baada ya jaribio la kwanza. Leo huyo ndiye Holland Lop.

Mifano hii minne inaonyesha kwamba kumpata sungura mmoja wa ajabu ni mwanzo tu. Kazi kubwa ni kuwafanya watoto wake, wajukuu na vitukuu wafanane naye bila kushangaza. Vyama vya wafugaji viliweka kanuni zao kwa ajili ya kupima jambo hilo.

Utaratibu unaoelezeka kwa urahisi zaidi ni wa Marekani. Chama cha wafugaji wa sungura cha huko kilianzishwa mwaka 1910 kwa jina lingine, na sasa kinajulikana kama ARBA. Kinachapisha kitabu cha viwango ambacho hurekebishwa kila baada ya miaka mitano. Ndani ya kitabu hicho kila aina imeelezwa: umbo, uzito, masikio, manyoya, rangi zinazokubalika, alama za kila kiungo, na kasoro zinazomwondoa sungura mashindanoni. Aina ambayo haimo kitabuni inaweza kuwa hai na nzuri, lakini haiwezi kushindania tuzo rasmi.

Anayetaka kuingiza aina mpya huanza kwa kuomba hati inayomruhusu kuiendeleza kwa jina lake. Si kila mtu hupewa. Chama hutazama kwanza uzoefu wa mwombaji katika ufugaji. Mwombaji huandika mapendekezo ya kiwango, yaani anatangaza mapema sungura wake wanapaswa kuwaje. Kisha huwapeleka kwenye mkutano mkuu wa mwaka mbele ya kamati ya viwango. Hapeleki mmoja tu aliye bora. Hupeleka madume na majike, wakubwa na wadogo, ili kamati ione kama kundi zima linafanana na yale maandishi. Akifaulu mwaka huo bado hajamaliza. Aina inatakiwa ifaulu mara tatu, katika mikutano tofauti, kabla ya kuandikwa kitabuni.

Niliposoma kanuni hii ya mara tatu, mwanzoni niliona ni urasimu. Nilipoifikiria zaidi nikaona ni akili. Mara moja inaweza kuwa bahati. Mara tatu maana yake ni vizazi kadhaa, sungura tofauti, na mfugaji ambaye hakukata tamaa njiani. Kamati inampima sungura, na papo hapo inampima binadamu aliyesimama nyuma yake.

Mfano mzuri ni Lionhead, sungura mdogo mwenye manyoya marefu kichwani kama simba, ambaye asili yake ni Ubelgiji. Baraza la Uingereza lilimtambua mwaka 2002. Marekani mambo hayakuwa mepesi. Aliwasilishwa, akakataliwa zaidi ya mara moja, akarudishwa tena, na hatimaye akafaulu katika mkutano wa Oktoba 2013. Aliruhusiwa kushindana rasmi kuanzia Februari 2014. Kwa zaidi ya miaka kumi sungura yule yule alikuwa aina kamili upande mmoja wa bahari ya Atlantiki, na upande wa pili alikuwa bado mwombaji. Hii inathibitisha kwamba utambuzi ni makubaliano ya jamii fulani. Hauko ndani ya mnyama.

Kama utambuzi ni makubaliano ya watu, basi lazima siasa na biashara ziingie. Mwishoni mwa miaka ya 1910 mfugaji wa Pasadena, California, aitwaye Lewis H. Salisbury, alikuwa na sungura wa rangi ya buluu iliyokoza. Mwanzoni aliitwa kwa jina linalomaanisha "Buluu wa Ujerumani". Lakini Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Kuu ya Kwanza dhidi ya Ujerumani, na jina lile halikuweza kuuzika. Likabadilishwa kuwa "Buluu wa Marekani". Hakuna hata unywele mmoja wa sungura uliobadilika. Vivyo hivyo sungura mweupe aitwaye New Zealand, ambaye wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu, alitengenezwa Marekani. Na yule aitwaye Belgian Hare si mnyama wa porini kama jina lake linavyodai, bali ni sungura wa kufugwa aliyechaguliwa ili afanane naye. Mwanafunzi wa historia anayesoma majina haya bila kuuliza yalitoka wapi atapotea.

Sasa nifike kwenye hoja yangu kuu. Je, aina ikishaandikwa kitabuni, imepona? Chinchilla yenyewe inajibu. Baada ya Ufaransa ilipitia Uingereza, na mwaka 1919 ikaonyeshwa jimbo la New York. Kufikia mwaka 1924 Wamarekani walikuwa wamekubali viwango viwili, cha Chinchilla mdogo na cha yule mzito zaidi waliyemkuza wenyewe kwa ajili ya nyama na manyoya. Kati ya Novemba 1928 na Novemba 1929 waliandikishwa Chinchilla 17,328 katika daftari la chama. Hiyo ilikuwa idadi kubwa mno. Lakini biashara ya manyoya ya sungura ilipoanguka katika miaka ya 1940, wafugaji wakahamia kwingine, na yule Chinchilla mzito wa Marekani akawa miongoni mwa aina zilizo hatarini kutoweka. Kiwango chake kilibaki kitabuni neno kwa neno. Waliopungua ni watu.

Blanc de Hotot alipita njia hiyo hiyo. Aliingizwa Marekani mapema katika miaka ya 1920, akapotea kabisa huko. Aliingizwa upya mwaka 1978, na mwaka uliofuata akatambuliwa. Netherland Dwarf naye alitambuliwa kwao mwaka 1940, vita vikaikumba Uholanzi mwaka huo huo, na vilipokwisha walisalia sungura 17 tu wa kuanzia upya. Kama wafugaji wale wachache wangekata tamaa, de Cock asingekuwa na mbegu ya kuanzia mwaka 1949, na Holland Lop asingekuwepo.

Huenda msomaji atasema kwamba haya yote ni michezo ya watu wenye nafasi. Atasema kwamba sisi tunafuga sungura ili tupate kitoweo na ada ya shule, na nyama haina habari na pete nyeusi kuzunguka jicho. Nakubali kwa sehemu. Viwango vingi vya maonyesho vinahusu uzuri, na havimsaidii mtu anayetaka sungura anayekua haraka. Lakini pingamizi hilo linasahau kwamba neno "mbegu safi" tayari liko sokoni kwetu, na lina bei. Mjomba wangu alililipia. Tumechukua majina kutoka Ufaransa na Marekani, lakini mara nyingi tumeyaacha kule madaftari yaliyoyapa majina hayo maana. Mfugaji wa Marekani anayeandikisha sungura mmoja mmoja hudaiwa ukoo wa vizazi vitatu, na mkaguzi mwenye leseni humtazama mnyama mwenyewe. Mjomba alipewa neno la mdomo.

Hapo ndipo sungura wale wawili weupe wanapoeleweka. Weupe wenye macho mekundu ni sifa inayoweza kujificha. Sungura wa kijivu anaweza kuibeba bila kuonyesha dalili yoyote, kama walivyofanya wazazi wa Rex wa kwanza. Wabebaji wawili wakikutana, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa mweupe. Wawili kati ya saba hawako mbali na hesabu hiyo. Kwa hiyo hakukuwa na dume la jirani. Baba na mama wote wawili walibeba weupe kutoka kwa babu zao. Labda muuzaji alijua, labda hakujua. Kama angekuwa na daftari la vizazi vichache tu, angejua, na mjomba naye angejua anachonunua.

Likizo iliyofuata nilimweleza mjomba haya yote. Nilimwambia kwamba aliyesema "huyu ni Chinchilla" kwa mara ya kwanza alikuwa Mfaransa mwaka 1913, kwamba Wamarekani walikubali kwa maandishi mwaka 1924, na kwamba kwa hawa wawili wa kibandani hakuna aliyekuwa na haki ya kusema hivyo isipokuwa mtu mwenye kumbukumbu zao. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa nimchinje nani?"

Nilimjibu kwamba kama anataka nyama hana haja ya kumchinja yeyote kwa sababu ya rangi. Kama anataka kuuza Chinchilla, basi wazazi wale wasipandane tena, na wale watano wa kijivu wasiuzwe kama mbegu safi, kwa kuwa baadhi yao huenda wanabeba weupe pia. Hakufurahi, maana tayari alikuwa amewaahidi watu. Alikaa kimya kidogo, kisha akamwita binti yake alete daftari la shule ambalo halijajaa. Kwenye ukurasa wa mwanzo aliandika tarehe, namba ya dume, namba ya jike, na chini yake: "Saba. Kijivu watano, weupe wawili."

Kwa kuhitimisha, kutambuliwa kwa aina mpya ya sungura kulianza hivyo hivyo, kwa mtu mmoja kuandika kilichozaliwa bila kuficha kisichompendeza. Kamati, hati na kitabu cha viwango vilikuja baadaye ili wengine waweze kuyaamini maandishi hayo. Sisi Afrika Mashariki tunaweza kuwa na majina yetu siku moja, ya sungura wanaostahimili joto na malisho yetu, yatakayotambuliwa na wafugaji wetu wenyewe. Lakini kabla ya kamati tutahitaji madaftari mengi kama lile la Masaka, na watu ambao hawataacha kuyajaza mwaka ambao bei itashuka.